Mto mmoja, madaftari mawili: majibu kwa maswali yenu

Toleo lililopita tuligusia kwa ufupi namna vyuo vikuu vinavyofanya utafiti kwenye mito inayopita nchi zaidi ya moja, na jinsi utafiti huo unavyosaidia majirani kugawana maji bila kugombana. Maswali yaliyoingia ni mengi kuliko kurasa tulizonazo. Tumechukua sita, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Shikamooni wahariri. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam na utafiti wangu ni wa Mto Kagera. Nimepata takwimu za mtiririko kutoka vituo vya nchi tatu, lakini nikizipanga pamoja hazioani. Kuna siku maji ya kituo cha chini ni mengi kuliko ya kituo cha juu wakati mvua haijanyesha, na siku nyingine ni kinyume chake. Msimamizi wangu kanikataza kuanza modeli mpaka nijue kasoro iko wapi. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi, Sinza*

Marahaba. Msimamizi wako amekushauri vizuri, na hilo swali lako ndilo kiini cha ushirikiano wote wa mabonde. Nchi mbili zikikaa mezani na takwimu zisizooana, kikao kizima kitaishia kubishania namba, na maji yenyewe hayatajadiliwa.

Anza na saa. Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Tanzania na Uganda kwa saa moja, kwa hiyo saa 3 asubuhi ya Kigali ni saa 4 ya Bukoba. Kwa mto mpole kama Kagera saa moja si kitu kikubwa, ila vifaa vinavyojiandikia vyenyewe kila robo saa mara nyingi hufungwa kwa saa za Greenwich, na hapo pengo linakuwa saa 3. Kwenye mvua ndiko kunakoharibika zaidi. Kipimo cha mvua husomwa saa 3 asubuhi, na maji yaliyomo yamekusanyika tangu jana yake. Kuna wanaoyaandika kwa tarehe ya leo na wanaoyarudisha kwenye tarehe ya jana. Ukichanganya madaftari ya aina hizo mbili, mfululizo wako wote umeteleza siku nzima. Chagua mvua kubwa kama kumi ambazo vituo vya pande zote viliziandika, uone kilele kinaangukia tarehe ipi kila upande. Kama upande mmoja unatangulia siku moja kila mara, tofauti hiyo imetoka kwenye daftari.

Halafu uliza geji, yaani ubao wenye alama za vipimo uliosimikwa mtoni, inaanzia wapi. Kina kinachosomwa kwenye ubao wa geji si kina cha mto; ni urefu kutoka sifuri ya ubao huo, na sifuri hiyo aliiweka fundi kwa kurejea alama ya zege iliyo ukingoni. Mafuriko yakiung'oa ubao na mwingine ukafungwa sentimita 20 juu zaidi bila kuandikwa popote, kuanzia siku hiyo mto utaonekana umepungua. Dalili yake ni ngazi: kina kinashuka ghafla siku moja na hakirudi tena hapo kilipokuwa.

Baada ya hapo ingia kwenye jedwali la kugeuza kina kuwa mtiririko. Kaa na hili, maana makosa makubwa yako humu. Hakuna anayepima mtiririko kila siku. Mtunza geji anasoma kina tu. Mara chache kwa mwaka timu ya wataalamu inakuja na kipimamkondo, inapima mtiririko halisi, na kutokana na jozi hizo za kina na mtiririko unachorwa mstari. Siku zote nyingine mtiririko unasomwa kwenye mstari huo. Mstari unadanganya kwa njia mbili. Ya kwanza, kitanda cha mto kikijaa mchanga au kikichimbika, kina kilekile sasa kinabeba maji tofauti, kwa hiyo jedwali la miaka 15 iliyopita halifai. Ya pili, timu huenda kupima kiangazi, barabara zinapopitika. Jozi zao zote ni za maji machache, na sehemu ya mafuriko imechorwa kwa kuendeleza mstari kwa makadirio. Kwa hiyo usiombe mtiririko peke yake. Omba kina kama kilivyosomwa, omba jozi za vipimo pamoja na tarehe zake, na uandike ni kina gani cha juu kabisa kilichowahi kupimwa kweli. Kila thamani iliyo juu ya hapo iwekee alama kwamba ni makadirio.

Madaftari ya zamani yaliandikwa kwa futi, na mtiririko kwa futi za ujazo kwa sekunde. Futi moja ni mita 0.3048, na futi moja ya ujazo ni mita za ujazo 0.0283. Mtu akisahau kugeuza, mtiririko unaonekana mara 35 zaidi, na hilo utaliona haraka. Akisahau kwenye kina tu, kosa linajificha.

Tazama pia namba zinazojirudia. Kina cha mita 1.62 siku 9 mfululizo katikati ya masika maana yake mtunza geji hakuwepo, na daftari limejazwa mezani. Zifute siku hizo na uache nafasi wazi.

Mwisho ni ramani. Karatasi za ramani za Afrika Mashariki za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu yako inatumia WGS84. Ukizilaza pamoja bila kugeuza, vituo vinahama takriban mita 300, vya kutosha kukitoa kituo mtoni na kukiweka shambani. Zaidi ya hapo, longitudo 30 mashariki inapita katikati ya Rwanda. Magharibi yake ni kanda ya 35 ya UTM, mfumo unaoigawa ramani ya dunia kwa kanda, na mashariki yake ni kanda ya 36. Bonde la Kagera liko kwenye kanda zote mbili.

Ukishasafisha yote hayo, bado siku kwa siku hazitalingana, na hapo mto hauna kosa. Kati ya Rusumo na Kyaka maji yanapita kwenye mabwawa na vinamasi vingi vinavyoyashika na kuyaachia polepole. Linganisha jumla za mwezi kwanza, halafu tafuta ni siku ngapi za kuchelewa zinazofanya mistari miwili ioane vizuri zaidi. Na weka nakala ya data ghafi ambayo hutaigusa kamwe, pamoja na daftari la marekebisho: ulibadili nini, tarehe zipi, kwa sababu gani. Siku mwenzako wa chuo cha Rwanda au Burundi akikuuliza, utamfungulia daftari badala ya kubishana naye.

Samaki wakielea wamekufa kwenye mto unaotoka nchi nyingine, sisi wa chini husema moja kwa moja kwamba wa juu wametumwagia sumu. Watafiti wanajuaje ukweli?
*Mfanyabiashara wa samaki, Feri*

Wanajua wakifika mapema. Wakifika siku ya tatu, wanakisia kama wewe.

Cha kwanza kupimwa ni oksijeni iliyoyeyuka, na inapimwa palepale mtoni. Ukibeba maji kwenye chupa hadi maabara, vijidudu vilivyomo vinaendelea kuitumia njiani na utapata namba ndogo ya uongo. Aidha unatumbukiza kifaa chenye sensa, aidha unaifunga oksijeni kwa kemikali hapohapo, sampuli inatulia kwa mashapo ya rangi ya kahawia, kisha inakamilishwa maabara ndani ya saa 8. Samaki wengi wanahitaji miligramu 5 kwa lita kwenda juu; ikishuka chini ya 2, wanakufa. Pima kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa usiku mimea inavuta oksijeni bila kuirudisha, na alfajiri ndipo inapofika chini kabisa. Aliyepima saa 8 mchana akasema mto uko salama hajapima hatari yenyewe.

Sampuli za kemikali zinachukuliwa kwa chupa tofauti. Za metali zinatiwa asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2, la sivyo metali inaganda kwenye kuta za chupa na maabara haioni kitu. Za dawa za mashambani zinaingia kwenye chupa za kioo cheusi, hazitiwi kwenye plastiki, na zinakaa kwenye barafu kwenye nyuzi 4. Chukua sehemu tatu angalau: juu ya mahali samaki walipoanza kuonekana, mahali penyewe, na chini yake. Sehemu ya juu ndiyo watu huisahau, na bila hiyo huwezi kusema uchafu umeingilia wapi.

Sasa mfano wa Mto Mara. Karibu asilimia 65 ya bonde lake iko Kenya na asilimia 35 Tanzania, na samaki wamekuwa wakifa humo mara kwa mara. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani walichapisha mwaka 2018 kazi iliyoonyesha kwamba vifo vya aina hiyo vinaweza kusababishwa na viboko. Upande wa Kenya kuna viboko zaidi ya 4,000, na kila siku wanaingiza mtoni takriban kilo 8,500 za mabaki ya majani. Kiangazi kinyesi hicho kinarundikana kwenye madimbwi, kinaoza, na oksijeni ya chini inakwisha. Mvua ya ghafla ikinyesha juu, maji yanalisukuma lile tope chini kwa mkupuo mmoja, na samaki wanakosa hewa.

Haina maana kwamba kila tukio ni la viboko. Uchafu wa viwanda, migodi na mashamba upo, na ukithibitika lazima mhusika abanwe. Lakini kama vipimo vya alfajiri havikuchukuliwa, mwenye kosa anapona na asiye na kosa analaumiwa, na wavuvi wa pande mbili wanabaki na chuki isiyowasaidia.

Mimi ni mwalimu wa jiografia Mbagala. Je, wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kupima mtiririko wa Mto Kizinga bila vifaa vya gharama?
*Mwalimu, Mbagala*

Wanaweza, mwalimu, na vifaa ni hivi: futikamba ya mita 30, kijiti kilichochorwa sentimita, kamba, vigingi vinne, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na machungwa. Chungwa linazama karibu lote likabaki na kipande kidogo juu, kwa hiyo upepo haulisukumi, na rangi yake inaonekana. Chupa tupu ya plastiki inakwenda na upepo. Kama huna chungwa, ijaze maji nusu.

Tafuta kipande kilichonyooka cha mita 20, kisicho na mawe makubwa wala majani yaliyoshika mkondo. Tahadhari moja ya Dar es Salaam: karibu na bahari mto huu unapanda na kushuka na maji ya bahari, na kipimo cha huko hakina maana. Panda juu. Ili uwe na hakika, chomeka kijiti ukingoni na ukisome kila nusu saa kwa saa 6. Kama maji yamepanda bila mvua, bado uko ndani ya eneo la maji kujaa na kupwa.

Vuta kamba kukatisha mto na upime kina kila nusu mita. Tuseme upana ni mita 4, na vina ni 0, 0.20, 0.35, 0.45, 0.50, 0.45, 0.40, 0.25 na 0. Jumla ni 2.60. Zidisha kwa 0.5, unapata eneo la mita za mraba 1.30. Fanya hivyo juu, katikati na chini ya kipande chako, uchukue wastani. Kisha achia chungwa mita chache juu ya alama ya kuanzia ili lishike kasi ya mto kwanza, uhesabu sekunde hadi alama ya pili. Rudia mara tatu katikati, mara tatu kushoto na mara tatu kulia. Kama wastani ni sekunde 50, kasi ya juu ni mita 0.40 kwa sekunde.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosuguana na kitanda. Zidisha kwa 0.85, upate 0.34. Mara 1.30 ni mita za ujazo 0.442 kwa sekunde, yaani lita 442. Waambie wanafunzi kwamba boza la lita 10,000 lingejaa kwa sekunde 23, wataelewa mara moja. Usishangae ukikosea kwa asilimia 15 hadi 25. Njia hii ndivyo ilivyo, na waandike hivyo kwenye ripoti yao.

Usalama: buti za mpira kwa wote wanaoingia majini kwa sababu ya kichocho, mwenye kidonda abaki ukingoni, maji yakifika magotini na mkondo ni mkali msiingie. Siku iliyofuata mvua kubwa, ahirisha.

Wanangu, habari za kazi. Sisi huku Mbezi maji yakikatika tunanunua madumu. Vyuo vyetu vinakwenda kutafiti mito ya huko Mara na Kagera ya nini, na Ruvu iko hapa jirani?
*Mama wa Mbezi*

Mama, shikamoo. Malalamiko yako ni ya haki, hasa kwa waliopitia mgao wa mwishoni mwa mwaka 2022 Ruvu iliposhuka. Ila Ruvu inatafitiwa vilevile, na kwa ujuzi uleule. Mitambo ya Ruvu Chini imejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Ukijumlisha, ni kama mita za ujazo 5.4 kila sekunde zinazotakiwa kutoka mtoni bila kukoma. Kiangazi kikali, mto haubishani na mtambo. Maji yakiwa hayapo hayapo. Ndipo inapobidi kujua nani mwingine anachota huko juu, kwa kibali gani, na kiasi gani kibaki kwa ajili ya mto wenyewe, ambacho Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kitengwe pamoja na mahitaji ya msingi ya binadamu. Kumpatanisha mkulima wa Morogoro na mkazi wa Mbezi kunahitaji geji, jedwali na daftari kama kule Kagera.

Na Kagera inakufikia. Mtambo wa umeme wa Rusumo, ulio kwenye mto huo, wa megawati 80 unagawanywa sawa kwa Burundi, Rwanda na Tanzania, na umeme wake unakadiriwa kwa takwimu za mtiririko tulizozungumza hapo juu.

Tafiti nyingi zinaishia kabatini. Kuna hata moja iliyowafikia wakulima?
*Msomaji, Tabata*

Ipo, na imetumia gololi. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza, walitengeneza ubao mkubwa unaolazwa kwa mteremko, wenye mfereji wa mto na mashimo ya mashamba pembeni. Gololi ndizo maji. Wakulima wa juu na wa chini wa bonde la Usangu, ambako mto huo unapita, wanasimama kuuzunguka, kila mmoja anaweka kijiti cha banio lake na kuvuta gololi zake. Raundi ya kwanza kila mtu anavuta anavyotaka, na mashimo ya chini yanabaki matupu mbele ya macho ya wote. Raundi zinazofuata wanapanga zamu.

Sababu ya kufanya kazi ni kwamba hakuna aliyeambiwa ana hatia; kila mtu ameona mkono wake mwenyewe ulichofanya. Ripoti ya kurasa 200 haifanyi hivyo. Chuo kikitaka kazi yake itumike, mpango wa kuirudisha kwa watumia maji uwe na fungu lake kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na nauli na chakula cha washiriki. Fungu hilo likiachwa hadi mwishoni, fedha huwa zimeisha.

Nataka kuvuka mpaka kukusanya sampuli na data. Vibali vikoje, na data inakuwa ya nani?
*Mtafiti kijana, Ubungo*

Kibali cha Tanzania hakivuki mpaka. Hapa kwetu Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ndiyo yenye dhamana ya vibali vya utafiti. Ukiwa mwanafunzi au mfanyakazi wa chuo, anza na ofisi ya chuo chako inayotoa barua kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye anakushusha wilayani hadi kijijini. Bodi ya Maji ya Bonde iandikie barua yake peke yake. Taasisi kama COSTECH kwa Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST, Rwanda ni NCST, na kila moja itataka mwenzako wa ndani ya nchi, kwa hiyo mtafute huyo kabla ya kujaza fomu. Asidi usiibebe kupitia forodha. Mwenzako ainunue upande wake. Ndege isiyo na rubani ina kibali chake, hata kama ni ndogo.

Kuhusu data, unayo hoja nzuri ya kuweka kwenye barua yako. Mpango wa nchi za Bonde la Nile ulizinduliwa hapahapa Dar es Salaam Februari 1999, na Mkataba wa Ushirikiano wa bonde hilo ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Nchi zote nne za Kagera, yaani Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda, zimeuridhia, na mkataba huo unazitaka wanachama kubadilishana data mara kwa mara. Haukupi wewe haki ya kuchukua faili ofisini, lakini ofisa anayesitasita anapata msingi wa kukubali.

Kabla ya safari ya kwanza, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: nani anatunza data ghafi, nani anaweza kuichapisha na baada ya muda gani, majina ya nani yanakuwa kwenye chapisho, na nini kifanyike mmoja akihama chuo. Hilo la mwisho huachwa, na ndilo linalopoteza kazi za miaka. Mkimaliza, toeni nakala kwa bodi ya maji ya kila upande kwenye jedwali la kawaida linalofunguka kwa kompyuta yoyote, likiwa na ukurasa wa maelezo wenye vipimo, saa zilizotumika, mfumo wa ramani na marekebisho yote. Nakala nyingine iliyochapwa mpelekeeni mtunza geji, na mumwonyeshe siku zenye mashaka. Mara nyingi yeye peke yake ndiye anayekumbuka ubao ulipobadilishwa.